Kaskazini Iko Wapi Ukiwa Matogoro?

Mtu akipotea porini huambiwa afuate maji. Ushauri huo umeokoa wengi, lakini kwenye milima ya Matogoro, upande wa mashariki wa mji wa Songea, unaweza kumfikisha mtu asikokutarajia. Matogoro ni milima inayogawa maji. Vijito vyake vingine hulisha Mto Ruvuma unaokwenda Bahari ya Hindi, vingine huingia Luhira, ambao maji yake huishia Ziwa Nyasa, na vingine hushuka kuelekea Luwegu, mmoja wa mito inayouzaa Rufiji. Mvua moja ikinyesha juu ya mlima, maji yake huachana njia tatu.

Ruvuma wenyewe unapotosha zaidi. Kila mwanafunzi aliyechora ramani ya Tanzania anajua kwamba mto huu unakwenda mashariki, kwa kuwa ndio mpaka wetu na Msumbiji. Lakini unapotoka chanzoni Matogoro huanza kwa kuelekea magharibi, hugeuka kusini, na mpaka ufike mpakani ndipo hushika njia ya mashariki hadi baharini. Aliye karibu na chanzo akajisemea, "Ruvuma unakwenda mashariki, basi nikiufuata nitafika mashariki," kila hatua anayopiga inamrudisha nyuma.

Dira ni dawa ya kosa la namna hiyo, na siku hizi karibu kila mwenye simu janja anayo mfukoni. Shida ni kwamba wengi huiamini kabla ya kujua inasema nini. Mwongozo huu ni wa mwalimu anayewapandisha wanafunzi Matogoro, mwenye shamba Namtumbo anayetaka kuuelewa mchoro wa mpima ardhi, fundi anayefunga sola Lizaboni, na yeyote anayetaka kuwa na hakika ya kibla.

Sindano haijui kaskazini

Sindano ya dira ni sumaku nyembamba iliyokalishwa juu ya ncha kali ili izunguke bila kukwama. Yenyewe haijui kaskazini wala kusini. Inachofanya ni kujilaza kufuata nguvu ya sumaku iliyopo mahali pale ilipo. Nguvu hiyo kwa kawaida hutoka ndani ya dunia. Kwenye kina cha kilomita 2,900 hivi chini ya nyayo zetu linaanza tabaka la chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho hujongea na kupinduka polepole, mwendo wake huzalisha umeme, na umeme nao huzalisha sumaku. Undugu wa umeme na sumaku ulidhihirika mwaka 1820, pale Hans Christian Ørsted wa Denmark alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya uliopitisha umeme.

Sumaku ya dunia ni kubwa kwa eneo lakini dhaifu kwa nguvu. Kile kisumaku cha kubandika karatasi kwenye mlango wa friji kinaishinda kama mara 100. Kwa sababu hiyo dira hudanganyika kirahisi, na makosa mengi yanayolaumiwa dira ni ya mtu aliyeishika. Ukiiweka juu ya tangi la pikipiki na kusoma, utapata uelekeo wa pikipiki. Panga kiunoni, jembe begani, nondo ndani ya nguzo ya zege, bati, mabomba ya chuma, spika ya redio, kifuniko cha simu chenye sumaku: kila kimoja huisogeza sindano. Kisu kiweke mbali nusu mita au zaidi. Kwa gari au lori, ondoka mita 10. Chini ya nyaya za umeme mkubwa, tembea mita 50 na ushei ndipo usome.

Ukitilia shaka mahali uliposimama, kuna jaribio la dakika mbili. Soma uelekeo wa kitu cha mbali, kwa mfano kilele cha mlima ulio kilomita kadhaa. Sogea hatua 20 kukielekea kilele kile kile, kisha soma tena. Kama namba zimepishana, karibu na moja ya sehemu hizo mbili kuna chuma. Kinaweza kuwa kimefukiwa ardhini, au ni mwamba wenyewe wenye madini ya chuma.

Dira ya beseni

Ili mtu aielewe dira vizuri, hakuna somo linaloshinda kutengeneza moja kwa mkono. Tafuta sindano ya kushonea, sumaku kutoka kwenye spika mbovu ya redio, kipande chembamba cha plastiki nyepesi ya kuelea au jani kavu, na beseni la plastiki lenye maji. Isugue sindano kwa upande mmoja wa sumaku, kutoka tunduni kwenda nchani, ukiinua mkono kila unapofika mwisho. Usisugue kwa kwenda na kurudi, maana kurudi hufuta kazi ya kwenda. Mara 40 zinatosha. Ilaze sindano juu ya jani, liweke jani katikati ya maji yaliyotulia, ufunge dirisha ili upepo usiingie, na usubiri.

Sindano itageuka taratibu na kusimama kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Lakini ncha ipi ni ya kaskazini? Hapo sindano haisemi, kwa sababu inategemea ulisugua kwa upande upi wa sumaku. Lazima utoke nje ulitazame jua, uamue upande wa mashariki uko wapi, kisha urudi utie alama. Wanafunzi wakifanya zoezi hili hujionea wenyewe kwamba dira huhitaji kitu kingine cha kuithibitisha.

Wachina, waliotangulia kuitumia sumaku kutafuta pande, waliipa jina lenye maana ya sindano inayoonyesha kusini. Hawakukosea, kwa kuwa mstari ni ule ule. Kuchagua ncha ya kaskazini ni mazoea tu.

Ncha ya kusini inapozama

Huku kwetu ncha ya kusini ina tabia nyingine. Nguvu ya sumaku ya dunia hailali sambamba na ardhi kila mahali. Kwenye mstari unaopita pande za Ethiopia hulala sawasawa. Ukishuka kusini ya hapo huanza kuinama, na ukifika Songea mwinamo wake umeshapita nyuzi 30. Sindano iliyosawazishwa vizuri kabla ya kutiwa sumaku, ikishatiwa, hapa Songea ncha yake ya kusini itataka kuzama.

Watengenezaji huizuia hali hiyo kwa kuongeza uzito kidogo upande mmoja wa sindano. Lakini dira ya Ulaya huongezwa uzito upande wa kusini, kwa sababu kule ncha inayozama ni ya kaskazini. Dira hiyo ikiletwa Ruvuma, uzito na sumaku huvuta upande mmoja. Sindano huinama, hugusa sakafu ya kibweta na kuganda, na mwenye nayo hudhani imetulia. Kabla ya kununua, iweke dira mezani mahali palipolala sawa, mbali na chuma, uizungushe polepole duara zima. Sindano ielee huru ikibaki imeelekea upande ule ule. Ikikokotwa na kibweta, iache dukani. Zipo dira zilizoandikwa kwamba ni za dunia nzima, na zipo zinazotengenezwa kwa kanda maalumu. Anayezungukia kazi zake nchi za kusini mwa ikweta hafanyi ubadhirifu akilipia zaidi kuipata inayomfaa.

Kaskazini mbili

Ramani huchorwa kwa kaskazini ya kweli, yaani upande ilipo ncha ya mhimili ambao dunia huuzunguka. Dira hufuata kaskazini ya sumaku, na hizo mbili hazikai mahali pamoja. Shen Kuo, mwanazuoni wa China, aliandika karibu mwaka 1088 kwamba sindano hupotoka kidogo. Mwaka 1831 Mwingereza James Clark Ross alifika mahali ilipokuwa ncha ya kaskazini ya sumaku, kwenye rasi ya Boothia kaskazini mwa Kanada. Tangu hapo ncha hiyo haijatulia. Imehama kuelekea Siberia, na kuna miaka imesafiri zaidi ya kilomita 50 kwa mwaka. Hesabu za kuifuatilia hurekebishwa kila baada ya miaka 5, na dira ya simu hutumia hesabu hizo hizo pale unapochagua kuonyeshwa kaskazini ya kweli.

Kwa Songea tofauti hiyo ni ndogo, kama nyuzi 3 hadi 4, na sindano huangukia magharibi ya kaskazini ya kweli. Kanuni ya kushika ni hii: ukitoka kwenye ramani kwenda kwenye dira, ongeza, ukitoka kwenye dira kwenda kwenye ramani, punguza. Mbinga, kwa mfano, iko nyuzi 248 hivi kutoka Songea mjini ukipima kwenye ramani, yaani magharibi na kusini kidogo. Kwenye dira utaisoma kama 252.

Je, nyuzi 4 zina uzito gani? Kwa mtu anayeuliza njia ya kwenda sokoni, hazina. Kwa anayetembea porini, kosa la nyuzi 4 ni mita 70 pembeni kwa kila kilomita moja, na baada ya kilomita 5 ni mita 350. Katika miombo iliyosongamana unaweza kuupita mji mdogo umbali huo usisikie hata jogoo.

Jua linapobadilisha upande

Kiswahili kimezipa pande nne za dunia majina kutoka mahali pawili. Kaskazini na kusini zimetokana na pepo za mabaharia, kaskazi na kusi. Mashariki na magharibi zimetoka Kiarabu, kwa maneno ya kuchomoza na kuzama kwa jua. Majina hayo ni mazuri na ya kazi, lakini ni ya kukadiria. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, si kaskazini hasa. Na jua huchomoza mashariki kamili siku mbili tu kwa mwaka, karibu na 21 Machi na 23 Septemba. Mwishoni mwa Juni, Songea hulipokea nyuzi 24 kaskazini ya mashariki, na mwishoni mwa Desemba nyuzi 24 kusini yake. Anayesema "pale jua linapotokea ndipo mashariki" anaweza kukosea mara sita ya kosa la dira.

Jambo ambalo watu wengi hawaliangalii ni jua la mchana. Songea iko karibu nyuzi 10 na dakika 41 kusini mwa ikweta. Jua la utosi kamili hupita hapa mara mbili kwa mwaka, karibu na 21 Oktoba na 20 Februari. Katikati ya tarehe hizo, wakati wa mvua, jua la mchana linakuwa upande wa kusini. Miezi minane iliyobaki liko kaskazini. Simika fimbo ya mita moja, wima. Mchana wa 21 Juni kivuli chake kitakuwa sentimita 68 kuelekea kusini. Mchana wa 21 Desemba kitakuwa sentimita 23 tu, nacho kitaelekea kaskazini. Ndiyo sababu paneli ya sola ya Songea hugeuzwa kaskazini na kuinamishwa kidogo, nyuzi 10 hadi 15. Hupata jua la moja kwa moja sehemu kubwa ya mwaka, na mvua huisafisha vumbi.

Ile njia ya vitabu vya skauti, ya kuelekeza mshale mdogo wa saa kwenye jua, iweke kando. Ilibuniwa kwa nchi za mbali na ikweta, ambako jua la mchana halihami upande. Hapa, kati ya Oktoba na Februari, itakupoteza.

Fimbo haikupotezi. Isimike kwenye uwanja uliolala sawa, weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20 au zaidi, weka kijiwe cha pili kivuli kilipohamia. Mstari kutoka kijiwe cha kwanza kwenda cha pili unatoka magharibi kwenda mashariki, au karibu sana na hapo, na hukaribia ukweli zaidi ukifanya karibu na katikati ya mchana. Ukitaka usahihi zaidi, chora duara kwa kamba kuizunguka fimbo asubuhi, kivuli kikiwa kirefu kuliko nusu kipenyo ya duara. Tia alama ncha ya kivuli inapoingia ndani ya duara, na alama nyingine inapotoka alasiri. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni mashariki na magharibi ya kweli. Hauna kosa la sumaku, na unaweza kuupimia dira yako.

Jihadhari na saa ya ukutani. Saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa longitudo nyuzi 45, ulio nje kabisa ya nchi yetu, baharini. Songea iko nyuzi 9 na ushei magharibi ya mstari huo, kwa hiyo mchana wake wa kweli, kivuli kinapokuwa kifupi kuliko wakati mwingine wote, hufika wastani wa saa 6 na dakika 37. Mwanzoni mwa Novemba hutangulia hadi saa 6 na dakika 21, na katikati ya Februari huchelewa hadi saa 6 na dakika 52. Aliyechora mstari wa kaskazini kwa kivuli cha saa 6 kamili ameupinda.

Kutembea na dira

Ishike dira kifuani, ilale sawa kama pima maji ya fundi. Elekeza mshale wa kibweta kwenye unakotaka kwenda, zungusha duara la namba hadi ncha nyekundu iingie kwenye alama yake, na soma. Baada ya hapo usitembee ukiitazama sindano. Ndivyo watu wanavyojikwaa na kuzunguka. Chagua mti au mwamba ulio kwenye mstari huo, ufikie, kisha chagua mwingine. Kwa kurudi, ongeza 180 kwenye namba uliyoendea, au punguza 180 ikiwa imezidi hapo.

Fikra husaidia kuliko chombo. Barabara inayotoka Songea kwenda Peramiho na Mbinga inakwenda upande wa magharibi. Aliyepotea kusini mwa barabara hiyo hana haja ya kujua yuko wapi hasa: akishika kaskazini na asiiache, lazima ataikata. Suala linalobaki ni akifika barabarani ageukie wapi. Tuseme pikipiki yake ameiacha kwenye daraja. Akilenga daraja moja kwa moja na kulikosa, hatajua liko kushoto au kulia. Basi asililenge. Apindishe nyuzi 10 kuelekea kulia kwa makusudi. Baada ya kilomita 3 atatokea kama nusu kilomita mashariki ya daraja, na atageuka kushoto bila wasiwasi. Mbinu hii ya kulenga kando huwashangaza wengi wanaoisikia mara ya kwanza, na ni ya thamani kuliko dira ya bei kubwa.

Simu nayo ina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Setilaiti huiambia uko wapi. Kihisi kidogo cha sumaku huiambia umeelekea wapi. Cha kwanza hakisumbuliwi na pikipiki yako, cha pili husumbuliwa sana. Mshale wa ramani ukizubaa, vua kifuniko, sogea mbali na chuma, uizungushe simu hewani kwa umbo la namba 8 mara kadhaa.

Usiku, nyota ya kaskazini inayosifiwa vitabuni haionekani Songea; iko chini ya upeo. Tumia Msalaba wa Kusini, ulio mzuri zaidi jioni za Aprili hadi Juni. Refusha mti wake mrefu mara nne na nusu, kuanzia kwenye nyota ya kitako. Utafika mahali pasipo na nyota ya kutajika, kiasi cha ngumi moja ya mkono ulionyooshwa juu ya upeo. Chini ya hapo ndipo kusini ya kweli. Desemba, Msalaba unapokosekana jioni, zitazame zile nyota tatu zilizopangana mstari: ya kwanza kati yao huchomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili.

Kibla ya Songea

Makka iko kaskazini ya Songea na mashariki kidogo: nyuzi 7 kutoka kaskazini ya kweli. Kwa kuwa sindano hupotoka nyuzi 3 hadi 4 magharibi, kwenye dira kibla itasomeka nyuzi 10 hadi 11. Fundi anayejenga msikiti na kuielekeza mihrabu kwenye ncha ya sindano tu amekosa kwa nyuzi kama 10 au 11, na kosa hilo likishamwagiwa zege halirekebishiki kirahisi.

Ipo njia ya kulihakiki bila dira. Mara mbili kwa mwaka jua hukaa utosini mwa Kaaba, na bahati nzuri saa ya Makka na ya Tanzania ni moja. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, simika fimbo wima kwenye kiwanja kabla nguzo hazijachimbiwa. Kutoka ncha ya kivuli kuja kwenye shina la fimbo, hapo ndipo kibla. Mawingu yakiziba siku hiyo, jaribu kesho yake dakika ile ile, kwa kuwa tofauti ni ndogo mno. Na aliyepitwa na Mei asubiri 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27.